Sentensi za Kiingereza zilizogandana: zitambue kwa dalili, zitibu kwa chanzo

Daftari likirudi kutoka kwa mwalimu na neno "run-on" pembeni kwa wino mwekundu, wengi hudhani wameambiwa sentensi yao ni ndefu mno. Basi wanaikata popote, kama mtu anayekata muwa gizani, na kesho yake daftari linarudi na neno jingine jekundu. Nimesahihisha insha na barua za Kiingereza zilizoandikwa na Waswahili kwa miaka mingi, na sijaona kosa linalojirudia kama hili.

Urefu hauhusiki kabisa. Tazama: "It rained we stayed home." Maneno matano tu, na tayari ni run-on. Sasa tazama hii: "Last week the two brothers who sell fish near the ferry bought a second boat with the money they had saved since January." Maneno ishirini na matatu, alama moja tu mwishoni, na ni safi kabisa.

Run-on ni sentensi mbili kamili zilizowekwa pamoja bila kiungo kinachokubalika katika Kiingereza. Huja kwa sura mbili. Ya kwanza, kati yake hakuna kitu chochote. Waandishi wa vitabu vya sarufi huiita "fused sentence". Ya pili, kati yake kuna mkato peke yake, nayo huitwa "comma splice". Hapa nitaziita zote sentensi zilizogandana, na nitakutajia sura pale inapobadilisha tiba.

Kwa nini zinatupata sisi hasa

Kitenzi cha Kiswahili hutembea na mtenda wake. Neno moja, "akanawa", lina mtu ndani, lina wakati, lina na habari kwamba jambo hili limefuata lile la kwanza. Ndiyo maana tunasema "Aliamka akanawa akavaa akatoka" kwa pumzi moja, bila mkato, na hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayelalamika. Kiungo kimo ndani ya kitenzi, kwenye ile -ka-. Kiingereza hakina -ka-. Ukihamisha mnyororo ule neno kwa neno, viungo vyote vinabaki upande wa pili.

Halafu kuna mkato. Sisi tunaandika "Mvua imenyesha, barabara imekatika" na mambo yanakwenda. Mkato wetu mara nyingi ni pumzi tu, na wengine huuita hivyohivyo, kipumuo. Mkato wa Kiingereza hauna nguvu ya kubeba sentensi mbili kamili ukiwa peke yake.

Mtoto wa Tanzania Bara aliyesoma shule ya serikali kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswahili mpaka mwisho wa shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Anaingia na sikio lililokwisha kukomaa. Sikio hilo ni zima, wala halina ugonjwa. Limezoea viungo vya lugha nyingine. Ukishajua hivyo, utaacha kujiona hujui kuandika, utaanza kutafuta kiungo kilichokosekana.

Kipimo cha kwanza kwa dalili zote

Kabla hujagusa alama yoyote, hesabu jozi. Jozi ni kiima pamoja na kitenzi chenye wakati: "it rained" ni jozi, "we stayed" ni jozi. Pigia mstari kila jozi. Ukipata moja, huna run-on. Ukipata mbili au zaidi, uliza: kiungo kiko wapi?

Kama hujui ikiwa jozi fulani inajitegemea, ijaribu kwa swali la mkia, lile la "isn't it?" au "didn't he?" Jozi inayojitegemea hukubali mkia wake yenyewe. "The bus was late, I missed the exam." Jaribu: "The bus was late, wasn't it? I missed the exam, didn't I?" Mikia miwili, sentensi mbili. Sasa jaribu "because the bus was late, wasn't it?" Inakwama. Hiyo ni tegemezi, haiwezi kugandana na mwenzake.

Usipime kwa kusoma kwa sauti. Ukisoma, sauti yako itaweka nukta ambayo hujaiandika, nawe utaapa kwamba ipo.

Dalili: hadithi inakwenda vizuri, ila hakuna alama kati ya matukio

Hii ni dalili ya insha za masimulizi, na chanzo chake kinachoongoza ni -ka-. "He woke up he washed he got dressed he left." Mwanafunzi huyu amefanya kitu cha haki kabisa kwa mantiki ya Kiswahili: kila kitenzi amekipa mtenda wake.

Tiba ambayo wengi huikimbilia ni kupachika nukta tatu. Inafaa, lakini hadithi inaanza kugugumia: "He woke up. He washed. He got dressed. He left." Tiba bora ni kufuta. Mtenda ni yuleyule, basi mtaje mara moja tu, na uweke "and" kabla ya tendo la mwisho: "He woke up, washed, got dressed and left." Sasa kuna kiima kimoja chenye vitenzi vinne, yaani jozi moja, na run-on imekwisha bila kuongeza chochote zaidi ya mikato miwili na neno moja. Ningekuwa na nafasi ya kumfundisha mwandishi wa hadithi jambo moja tu, ningemfundisha hili la kufuta "he" ya pili.

Watenda wakiwa tofauti, huwezi kufuta. "Polisi akapiga filimbi, gari likasimama, dereva akashuka." Hapa Kiingereza kinaruhusu orodha ya sentensi fupi tatu ikiwa ya mwisho imetanguliwa na "and": "The policeman blew his whistle, the car stopped, and the driver got out." Ukiiondoa hiyo "and", unarudi kwenye kosa.

Chanzo cha pili ni ndugu yake -ka-, yaani -ki-. "Nilimwona akivuka barabara" hugeuka "I saw him he was crossing the road." Jozi mbili, kiungo hakuna. Kiingereza kina umbo lake la -ki- hapa, nalo ni -ing: "I saw him crossing the road." Vivyo hivyo "I heard them they were singing" huwa "I heard them singing."

Chanzo cha tatu, kinachotokea kwa nadra, ni haraka tu: mtu anajua, ila nukta imemponyoka. Dawa yake ni kusoma ukurasa kinyumenyume, sentensi ya mwisho kwanza, kisha ya kabla yake, mpaka juu. Hadithi ikivunjika, jicho linaanza kuona alama.

Dalili: mkato upo, na bado mwalimu ameuzungushia duara

Sababu ya kawaida ni kwamba uliweka mkato mahali ulipovuta pumzi. Inayofuata kwa wingi ni sentensi ya pili kuanza na "it", "he", "they" au "this". Maneno haya yanarejelea kitu kilichotajwa, kwa hiyo mwandishi anahisi bado yumo ndani ya sentensi ileile: "The clove harvest was poor this year, it affected every family in the village." Hiyo "it" ni kiima kamili, na nyuma yake kuna kitenzi chenye wakati. Ni sentensi nyingine.

Sababu nyingine ni pale sentensi ya pili inapofafanua ya kwanza: "There was one problem, the bridge was gone." Hapa kuna alama iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo, nukta mbili: "There was one problem: the bridge was gone."

Sababu ya mwisho ni amri na ombi. "Please find attached my CV, I look forward to hearing from you." Watu huniambia hapa jozi ni moja, kwa sababu sehemu ya kwanza haina kiima. Kiima kipo, kimefichwa: ni "you". Kila amri ya Kiingereza ni sentensi kamili, hata ikiwa neno moja. "Wait, I am coming" ni sentensi mbili. Kwenye ujumbe wa simu hakuna atakayeijali. Kwenye barua ya kuomba kazi, weka nukta.

Tiba za mkato ulioelemewa ni nne. Nitazipitisha kwenye mfano mmoja, "The bus broke down, I missed the exam":

"The bus broke down. I missed the exam."
"The bus broke down, so I missed the exam."
"The bus broke down; I missed the exam."
"Because the bus broke down, I missed the exam."

Zote ni sahihi, lakini hazisemi kitu kimoja. Ya kwanza inaweka mambo mawili mbele ya msomaji na kumwachia ayaunganishe. Ya pili inasema wazi kwamba moja limezaa jingine. Ya tatu, yenye nukta-mkato (;), inayaweka karibu karibu bila kusema uhusiano wao. Ya nne inalishusha basi lililoharibika liwe sababu tu, na mtihani uliokosekana unakuwa ndiyo habari yenyewe. Ukiwa na shaka, chagua nukta. Sijawahi kumwona mtu aliyepunguziwa alama kwa kuweka nukta kati ya sentensi mbili kamili, ila nimewaona wengi walioponzwa na nukta-mkato iliyopachikwa ili insha ionekane ya kisomi.

Ukichagua njia ya pili, viunganishi vinavyoweza kufanya kazi hiyo pamoja na mkato ni saba tu: for, and, nor, but, or, yet, so. Kwa kazi za kila siku, vinne vinatosha: and, but, or, so. Viandike kwenye jalada la daftari.

Dalili: umeweka "however", "therefore" au "then", na bado ni kosa

Hapa ndipo wanafunzi wazuri hasa wanapojikwaa, nami naona uchungu wao, kwa sababu wamejitahidi kuunganisha na bado wameambiwa hawajaunganisha.

Chanzo kiko kwenye tafsiri. Neno "kwa hiyo" la Kiswahili lina wenzake wawili Kiingereza, "so" na "therefore". Maana ni ileile, cheo ni tofauti. "So" ni mmoja wa wale saba, anaweza kusimama baada ya mkato na kubeba sentensi mbili. "Therefore" ni kielezi tu. Hupamba sentensi yake mwenyewe na haishiki ya jirani. Ndivyo ilivyo kwa "lakini" na "hata hivyo": "but" anaunganisha, "however" haunganishi. "Kisha" na "halafu" ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu "then" ni fupi na ya kawaida, inafanana kabisa na kiunganishi: "We ate, then we left." Wahariri wengine wanaipitisha. Msahihishaji wa mtihani anaweza kuikata.

Kundi hili lina watu wengi: however, therefore, then, also, besides, instead, otherwise, meanwhile, moreover, furthermore, nevertheless, consequently, thus, hence. Huhitaji kuwakariri, kwa sababu kuna kipimo rahisi. Kiunganishi cha kweli hakihami kutoka mlangoni, bali kielezi kinaweza kuhama. Chukua "The road was closed, however we arrived on time." Jaribu kuihamisha: "We, however, arrived on time." Inakubali. "We arrived on time, however." Inakubali pia. Sasa jaribu na "but": "We, but, arrived on time." Haisemeki. Neno linalohama haliwezi kushika sentensi mbili.

Tiba: weka nukta au nukta-mkato kabla yake, na mkato baada yake. "The road was closed; however, we arrived on time." Au "The road was closed. However, we arrived on time." Kwa "then", ongeza "and" mbele: "We ate, and then we left." Fupi zaidi, futa mtenda kama tulivyofanya kwenye hadithi: "We ate and then left."

"For example" naye yumo humu. "We grow many crops, for example, we grow cloves." Kata kwa nukta, au ondoa jozi ya pili: "We grow many crops, for example cloves." Na "that is why", ile "ndiyo maana" yetu, ni sentensi kamili yenye kiima chake, "that". "The road was flooded, that is why I came late" inataka nukta katikati, au "so" mahali pa "that is why".

Dalili: "I have a brother he lives in Mombasa"

Kiswahili cha kuzungumza kinaruhusu "Nina kaka anaishi Mombasa", ile -ye- ya "anayeishi" ikimezwa bila hasara. Kiingereza hakimezi. Mrudishe "who": "I have a brother who lives in Mombasa." Kwa vitu tumia "which" au "that": "We bought a pump that runs on solar power."

Dada yake ni "kuna": "There are many students they walk to school." Waweza kuandika "There are many students who walk to school", lakini mara nyingi "there are" yenyewe haina kazi. Iondoe: "Many students walk to school."

Dalili: mazungumzo ndani ya hadithi

"Come in," she said, "it is late." Mkato wa pili umekosewa, kwa kuwa "Come in" imekwisha na "it is late" inaanza upya. Sahihi ni: "Come in," she said. "It is late." Mkato ungebaki kama maneno ya msemaji yalikatizwa katikati ya sentensi moja: "If you come in," she said, "you will stay dry."

Dalili: umeitibu, sasa mwalimu ameandika "fragment"

Umezidisha dawa: "fragment" ni kipande kisichotosha kuwa sentensi. Mara nyingi mtu aliyechomwa na run-on huanza kuogopa kila sentensi ndefu, akaweka nukta kabla ya "because": "I stayed at home. Because I was sick." Kipande cha pili hakikubali swali la mkia, kwa hiyo hakiwezi kusimama peke yake. Futa nukta, usiweke kitu: "I stayed at home because I was sick." Angalia vivyo hivyo kabla ya although, when, if, since, while, unless na until.

Upo pia uzidishaji wa upande wa pili, viungo viwili mahali pa kimoja. Sisi husema "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda", na inasikika vizuri. Kiingereza kinataka kimoja tu: "Although it rained, we went", au "It rained, but we went." Ni hivyo pia kwa "because" na "so" katika sentensi moja.

Na kama umetibu kwa kupachika "and" kila mahali, sarufi inaweza kuwa imepona, ila msomaji anachoka. "And" mbili mfululizo zinavumilika. Ikifika ya tatu, tafuta ni jambo lipi lililo kuu, na mengine uyashushe kwa "when", "who" au "because".

Dalili: kompyuta imepiga mstari, nawe huoni kosa

Kwanza hakikisha si kengele ya uongo. Miundo hii ina mkato kati ya jozi mbili na ni sahihi: swali la mkia lenyewe, "You are coming, aren't you?", mizani ya "The more you read, the better you write", na orodha fupi zenye mwendo mmoja, kama usemi unaonasibishwa na Julius Caesar, "I came, I saw, I conquered". Waandishi wa fasihi hutumia mkato mtupu kwa makusudi, hasa Uingereza, ambako wahariri huwa walegevu kidogo kuliko Marekani. Kwenye mtihani usijaribu. IELTS, kwa mfano, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hupima uandishi kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, na matumizi ya alama huhesabiwa ndani ya kigezo cha sarufi. Kazi ya pili, ile ya maneno yasiyopungua 250, ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza, kwa hiyo dakika zako tano za mwisho za kuhesabu jozi zipeleke huko.

Kinyume chake pia hutokea: programu imekaa kimya na kosa lipo. Programu inaweza kukamata mkato ulio kabla ya "I" au "he" na kupitwa na ule wa "then" au "therefore". Usichukue ukimya wake kuwa cheti.

Barua moja, jozi nane

Kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini. Alikuwa ameipeleka mahali kadhaa bila kujibiwa. Katikati yake palikuwa na sentensi ya namna hii:

"I am 24 years old I finished Form Four in 2019, then I worked in a small hotel for two years, I was at the reception there were guests from many countries therefore my English improved, please find attached my certificates I look forward to hearing from you."

Nilimpa kalamu, nikamwambia asirekebishe chochote, apigie mistari jozi tu. I am. I finished. I worked. I was. There were. My English improved. Akaruka "please find", nikamwonyesha "you" aliyefichwa. I look forward. Nane, na nukta moja. Kati ya jozi nane kuna viungio saba: vitatu vilikuwa na mkato peke yake, kimojawapo kikisindikizwa na "then", vinne vilikuwa vitupu, kimojawapo kikijificha nyuma ya "therefore".

Kisha tukapita kiungio kimoja kimoja, kila mara nikimuuliza haya mawili yanahusianaje. Umri na shule? Hayahusiani. Nukta. Shule na hoteli? Yanafuatana na mtenda ni yuleyule. Futa "I". Hoteli na mapokezi? Jambo jipya. Nukta. Mapokezi na wageni? Ni mahali. "Where". Wageni na Kiingereza? Sababu na matokeo. "So". Yaliyobaki ni maneno ya adabu ya kufungia barua, kila moja na nukta yake.

"I am 24 years old. I finished Form Four in 2019 and then worked in a small hotel for two years. I was at the reception, where there were guests from many countries, so my English improved. My certificates are attached. I look forward to hearing from you."

Hatukuongeza sifa hata moja. Aliisoma mara mbili, akasema sasa inasikika kama mtu mtulivu. Alikuwa mtulivu tangu mwanzo, ila barua ilikuwa inakimbia.

Mahali pa kusimama na kumwita mjuzi

Ukibadilisha sentensi moja mara tatu na bado inakwama, acha kuitibu. Ifunike, jieleze kwa Kiswahili unachotaka kusema, kisha iandike upya kutoka mwanzo. Ikikwama tena, mpelekee mwalimu au mhariri. Huenda shida iko kwenye mpangilio wa hoja, na hakuna alama inayoweza kunyoosha hoja.

Mkataba, wasia, hati ya kiapo na sheria ndogo za chama usizisahihishe mwenyewe, hata kama unaona mkato unaokuudhi. Alama katika hati za kisheria hubeba fedha na haki. Jimboni Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada kwa hoja iliyotegemea mkato mmoja uliokosekana kwenye orodha ya kazi zilizotajwa katika sheria. Mahakama ya rufaa iliwakubalia mwaka 2017, na mwaka uliofuata kampuni ikamaliza kesi kwa kulipa dola milioni 5. Mwonyeshe wakili unachokiona, kisha umwachie kalamu.

Maelezo ya dawa na maagizo ya hospitali yaangaliwe na mtu wa fani hiyo. "Take two tablets if the fever returns call the doctor" inaweza kukatwa sehemu mbili tofauti, kabla ya "if" au baada ya "returns", na mgonjwa atafanya mambo mawili tofauti. Wewe huwezi kukisia ipi ilikusudiwa.

Maelezo ya mtu mwingine, yawe ya polisi, ya mahakamani au ya ombi la hifadhi katika nchi ya kigeni, hayaguswi bila yeye mwenyewe kuwapo pamoja na mwanasheria au mkalimani wake. Ukigawa sentensi yake iliyogandana, unaweza kumbadilishia mpangilio wa matukio, naye ataulizwa juu ya mpangilio huo.

Tasnifu ya chuo ina kanuni zake. Muulize msimamizi wako kwanza kama mhariri wa nje anaruhusiwa na kwa kiwango gani, kabla hujamlipa mtu.

Na nukuu yoyote unayoitoa kwa mwandishi mwingine, iache na kosa lake.